Gia ya Kushukia Huchaguliwa Kileleni

Lori linaloingia nchini kupitia Sirari, likishauacha mji wa Tarime, huwa na safari ya kushuka. Nyanda za Tarime zimekaa mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Victoria lipo mita 1,134. Ukifika Daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapokaribia kuingia ziwani, umeshapoteza zaidi ya mita 300 za kimo. Hakuna mahali pamoja pa kutisha kama Kitonga kule Iringa. Ni mteremko hapa, tambarare kidogo, kona, kisha mteremko tena. Anayetokea Mogabiri kwenda Nyamongo, akavuka Mto Mara kuelekea Mugumu, anakutana na hali hiyohiyo, tena kwenye njia ambayo vipande vyake vimekuwa vikiwekewa lami huku vingine vikibaki changarawe.

Miteremko ya namna hii hudanganya. Kitonga kila dereva anaiogopa, kwa hiyo anaishuka kwa adabu. Mteremko wa kilometa mbili karibu na nyumbani, anaoupita kila wiki, anaushuka mguu ukiwa juu ya pedali ya breki kutoka juu hadi chini, na kwa kuwa jana ulimfikisha salama haoni sababu ya kubadili. Makala hii inamhusu yeye, tajiri wake na fundi wake. Ushauri wenyewe ni mmoja na mengine yote yanautumikia: kazi ya kulishikilia lori mteremkoni ni ya injini, na breki ya mguu iwekwe akiba kwa ajili ya kusimama.

Joto linakwenda wapi

Chukua lori la tani 40 na mteremko wa asilimia 6, yaani katika kila mita 100 za barabara unashuka mita 6. Lori hilo likishuka kimo cha mita 100 bila kuongeza mwendo, nguvu yote ya uzito wake lazima iishie mahali fulani. Kiasi kidogo kinaliwa na matairi na upepo. Kinachobaki kinatosha kuchemsha karibu lita 100 za maji yaliyokuwa ya kawaida, ndoo tano kubwa. Ukishuka kwa breki ya mguu peke yake, joto lote hilo linamiminwa kwenye lainingi na dramu za magurudumu, ndani ya dakika chache, na dramu hazina rejeta wala feni ya kuzipooza.

Dramu ikipata moto hutanuka na kujitenga na lainingi. Lainingi nazo zikizidi joto hupoteza ukali wa kushika. Dereva anaongeza mguu na pedali inakubali, upepo umejaa kwenye mitungi, geji haina tatizo, lakini gari halishiki. Baadaye ajali ikitokea taarifa itasema breki zilifeli. Mara nyingi hakuna kilichokatika wala kupasuka. Breki zilipewa kazi isiyo yao mpaka zikachoka, na zikishapoa fundi akizikagua anaweza kuzikuta nzima.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila dereva anapaswa kuwa nayo kichwani. Kulizuia lori lile la tani 40 kwenye mteremko uleule kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa kunahitaji nguvu ya karibu kilowati 170. Ukilishusha kwa 60 unahitaji zaidi ya kilowati 300. Lori ni lilelile na mlima ni uleule, ila mwendo umeongezeka mara mbili na kazi ya kulizuia ikaongezeka karibu kwa kiasi hicho. Breki ya injini inayotosha kabisa kwa 30 inaweza isitoshe kwa 60. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba breki ya injini ya gari lako ni dhaifu, angalia ulianza kushuka ukiwa na mwendo gani.

Injini inashikaje

Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia nawe umeachia mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Pistoni zinapanda na kubana hewa ndani ya silinda, na kubana hewa ni kazi nzito inayolivuta gari nyuma. Shida ni kwamba hewa iliyobanwa hujirudi. Pistoni ikishafika juu, hewa inaisukuma kwa nguvu iende chini, na sehemu kubwa ya ulichopata unakirudisha. Breki ya mgandamizo inamaliza shida hiyo: pistoni inapokaribia kufika juu kabisa, valvu ya kutolea moshi inafunguliwa kidogo, hewa iliyobanwa inatoka kwa kishindo kupitia ekzosi, na pistoni inashuka bila kusukumwa. Injini iliyokuwa ikizalisha nguvu imegeuka kuwa pampu ya hewa inayokula nguvu. Ule mngurumo mkavu unaousikia kwenye malori makubwa yakishuka ni hewa hiyo ikitoka.

Aliyetupatia breki hii alifundishwa na mteremko. Clessie Cummins, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya injini za dizeli yenye jina lake mwaka 1919, alikuwa mwaka 1931 akilivusha lori la dizeli kutoka upande mmoja wa Marekani hadi mwingine ili kuonyesha uwezo wa injini yake. Yeye na wenzake wakiteremka mlima wa Cajon Pass, California, breki zikaisha nguvu, na mbele yao reli inakatiza barabara huku treni ya mizigo ikipita. Walilikosa behewa la mwisho kidogo tu. Cummins hakulisahau jambo lile. Alipostaafu alilirudia, akabuni njia ya kuifanya injini yenyewe ishike, na mwaka 1961 kampuni ya Jacobs ikaanza kuitengeneza breki hiyo kwa ajili ya soko. Ndiyo maana madereva wa Marekani mpaka leo wanaiita Jake.

Kabla ya lolote, ujue gari lako lina nini, kwa sababu swichi moja inayofanana inaweza kuamrisha vitu tofauti. Fuso na Isuzu nyingi za zamani zina breki ya ekzosi: kuna kipande cha chuma kinachoziba bomba la moshi, moshi unakosa pa kutokea, injini inakabwa. Inasaidia, lakini nguvu yake ni ndogo kuliko breki ya mgandamizo. Howo, Volvo na malori mengine makubwa ya siku hizi yana mfumo unaogusa valvu zenyewe, mara nyingi ukishirikiana na ule wa ekzosi. Baadhi ya Scania na Mercedes yana ritada, kifaa kinachokaa kwenye giaboksi na kushika kwa kutumia oili yake, joto likapelekwa kwenye rejeta ya injini. Ritada inashika vizuri na haipigi kelele, lakini ukiitumia muda mrefu kwa mizunguko midogo ya injini, pampu ya maji na feni haziwezi kuondoa joto lote, na geji ya maji inaanza kupanda. Mwenye ritada naye anahitaji gia ndogo.

Uamuzi unafanyika juu

Wazee waliotufundisha udereva walikuwa na kanuni: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kwa malori yao ilikuwa kweli. Lori la leo la nguvu za farasi 400 na zaidi linapanda mlima kwa gia ambayo lori la zamani lisingethubutu, na ukilishusha kwa gia hiyohiyo litakukimbia. Kwa gari lenye nguvu, shuka gia moja au mbili chini ya ile uliyopandia, na ukiwa na mzigo kamili usione aibu kushuka zaidi.

Sababu ni kwamba nguvu ya breki ya injini inategemea mizunguko. Kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika unapata sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kwenye 1,900 au 2,000 unapata karibu uwezo wote. Dereva aliyezoea kubana mafuta amefundishwa kuishusha mishale ya dashibodi, na kwenye kupanda au tambarare yuko sahihi. Kwenye kushuka na breki ya injini ikiwa imewashwa, mambo yanageuka: mshale ukae juu, ila usivuke mpaka mwekundu. Malori mengi ya Ulaya yana eneo la buluu kwenye geji ya mizunguko, juu ya lile la kijani, na eneo hilo limewekwa kwa ajili ya kushuka. Ukivuka hapo mpaka kwenye nyekundu, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na hapo hata mafuta yakiwa yamekatwa injini inakufa kwa kuzungushwa na mzigo wake mwenyewe.

Tumlete dereva mmoja kwenye ukingo wa mteremko na tumwangalie mikono. Mita 200 kabla barabara haijainama ameshaachia mafuta. Lori limepungua mpaka 25. Anaingiza gia ya chini wakati tambarare bado ipo, anaachia klachi taratibu, na ndipo anapovuta mkono wa breki ya injini kwenye hatua ya kwanza. Mlio unabadilika, mshale unapanda kutoka 1,400 kwenda 1,700, tela linaegemea kichwa kidogo. Anasikilizia. Mteremko unapozidi, anaongeza hatua ya pili, mshale unatulia 1,900 na mwendo unabaki 28. Mguu wake wa kulia haugusi pedali yoyote. Gari likitulia namna hiyo kuanzia juu mpaka katikati, gia ni sahihi. Likizidi kukimbia hata kwa hatua ya mwisho, gia ni kubwa, na hapo atumie breki ya mguu kwa nguvu kulishusha mwendo, kisha aingize gia ndogo zaidi mara moja, kabla mwendo haujarudi.

Kubadili gia katikati ya mteremko bila kwanza kushusha mwendo ndiko kunakoua. Ukikanyaga klachi, breki ya injini inajizima, kwa kuwa injini na magurudumu haviunganiki tena. Katika sekunde mbili hizo lori la tani 40 linaongeza mwendo, gia unayoitaka inakataa kuingia, ile uliyotoka nayo nayo inakataa, na sasa una lori lililoachiwa kabisa. Kwa gari lenye gia za otomatiki hatari hii ni ndogo, lakini usiiachie kompyuta iamue peke yake. Liweke kwenye mkono, chagua gia, kwa sababu kompyuta haiioni kona iliyo mbele yako.

Breki ya mguu nayo ina namna yake. Gari likiwa kwenye gia sahihi na breki ya injini ikishika, utalazimika kuigusa mara chache. Iguse kwa nguvu na kwa muda mfupi: ukiona mwendo umefika ule uliojiwekea, tuseme 30, kanyaga kwa uhakika mpaka ushuke kilometa 8 au 10, ndani ya sekunde tatu hivi, kisha achia kabisa. Ukifika tena 30, rudia. Kuweka mguu kidogokidogo muda wote kunazipasha dramu moto bila kuzipa nafasi ya kupoa, na breki za baadhi ya magurudumu hubeba mzigo wa wenzake. Kuipampu pedali haraka haraka nako kunamaliza upepo kwenye mitungi.

Nyutro hailipi

Desturi inayopaswa kuzikwa ni ya kuweka nyutro mlimani ili kubana mafuta. Kenya waliilipia sana. Kipande cha Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kilipata sifa mbaya kwa malori yaliyokuwa yakishuka bila gia na kuparamia magari mengine, na wenye mamlaka walikuwa wakiitaja desturi hiyo kila mara.

Ubaya mwingine ni kwamba hesabu ya mafuta yenyewe si sahihi. Injini za kisasa za dizeli zinakata mafuta kabisa pale gari linapokuwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kwa kuwa magurudumu yanaizungusha bure. Ukiweka nyutro, injini inajitegemea na inalazimika kuunguza mafuta ili isizimike. Kwenye mteremko unaohitaji kushikiliwa, aliyeko kwenye gia anatumia mafuta sifuri, na aliyeko nyutro anatumia mafuta, analiwa lainingi na anacheza na roho za watu. Juu ya hayo injini yake inazunguka polepole, kwa hiyo kompresa nayo inajaza upepo polepole wakati yeye ndiye anayeuhitaji zaidi.

Chini ya miteremko mingi ya kwetu kuna watu. Pale barabara inapokutana na nyingine, hapo ndipo genge linapofunguliwa, bodaboda wanapopaki na mnada unapokusanyika. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililomshinda dereva liliparamia watu na magari kwenye makutano ya Londiani, Kericho, na zaidi ya watu 50 walikufa. Mbeya nako habari za malori kutoka miteremko ya Inyala na Iwambi si ngeni kwa msomaji. Mama anayepanga nyanya pembeni ya barabara hana namna ya kujua kama dereva anayekuja alichagua gia kule juu au la.

Changarawe, mvua na mzigo

Breki ya injini ina mipaka, na dereva wa mkoa wa Mara anaikuta mipaka hiyo mara nyingi kuliko wa Dar es Salaam. Inashika magurudumu yanayosukuma tu, yale ya nyuma ya kichwa. Tela halijui kama unapunguza mwendo, linaendelea kusukuma. Kwenye lami kavu na mzigo kamili hakuna tabu. Kwenye udongo mwekundu ulionyeshewa, breki ya injini kwenye hatua ya mwisho inaweza kuyafanya magurudumu hayo yateleze, kichwa kikageuka pembeni na tela likaja kukipita. Mvua za Tarime hazina mzaha, za masika wala za vuli. Barabara ikilowa, tumia gia ndogo na hatua ya kwanza tu ya breki ya injini, na ukihisi nyuma kunachezacheza, izime papo hapo bila kukanyaga klachi, acha magurudumu yashike ardhi tena. Gia ndogo yenyewe, bila breki ya injini, bado inakusaidia.

Gari tupu linahitaji tahadhari zaidi kwenye utelezi. Dereva anayerudi mtupu hudhani yuko salama kwa kuwa hana mzigo, kumbe magurudumu ya nyuma yamekosa uzito wa kuyakandamiza na yanateleza upesi.

Mzigo nao una tabia. Mwenye tenki la mafuta lililojaa nusu anajua jinsi mafuta yanavyokwenda mbele ukipiga breki ghafla na kurudi nyuma ukiachia. Breki ya injini inayoshika taratibu ndiyo inayomfaa. Anayebeba ng'ombe kutoka mnadani Serengeti anafaidika kuliko wote. Breki ya ghafla inawaangusha ng'ombe waliosimama, na aliyeanguka anakanyagwa na wenzake. Ukifika sokoni tajiri anahesabu waliovunjika miguu. Ng'ombe anaweza kujipanga miguu kwa lori linalopungua polepole. Kwa mizigo ya kontena, saruji na vifaa vya migodi ya Nyamongo, kumbuka kwamba sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56. Kuna malori yanayojua njia za kukwepa mizani. Mlima hauna njia ya kuukwepa, na tani tano ulizozificha utakutana nazo ukishuka.

Ukishaingia upande wa Nata na Ikoma, milima inapungua na wanyama wanaongezeka. Jioni na alfajiri nyumbu, pundamilia na fisi hukatiza barabara. Ukiwa na breki ya injini kwenye hatua ya kwanza unaweza kupunguza mwendo mapema, mara tu unapoona macho yakimulika pembeni, bila kulivuruga gari. Kumbuka tu kwamba kwenye magari mengine breki ya injini haiwashi taa za breki. Kama kuna basi limekufuata karibu, gusa pedali kidogo ili limulikwe na taa zako.

Mitaani zima breki ya injini kwa ajili ya kelele zake. Breki ya mgandamizo kwenye gari lenye ekzosi iliyotoboka inaamsha mtaa mzima na kuwashtua ng'ombe wanaoswagwa barabarani, na ng'ombe aliyeshtuka hukimbilia asikotarajiwa. Kikomo cha mwendo mjini ni kilometa 50 kwa saa, na kwa tambarare ya mjini breki za kawaida zinatosha. Lakini kama mteremko unaingia moja kwa moja mjini, iache iwake. Kelele zina dawa kwa fundi, na fundi huyo ni wa bei ndogo.

Chini ya mlima

Ukimaliza mteremko mrefu, simama mahali salama na mtume utingo azunguke. Asiguse dramu, asogeze tu kiganja karibu na kila gurudumu. Joto la wastani linalofanana kote ni habari njema. Moshi na harufu ya lainingi zilizoungua maana yake ulishuka vibaya. Lakini habari muhimu zaidi huwa ni gurudumu lililopoa.

"Mzee, hili la nyuma kushoto ni baridi kabisa."

"Basi hilo halifanyi kazi. Wenzake ndio wamekuwa wakilibebea."

Mazungumzo mafupi kama hayo yana thamani kuliko ukaguzi wa mwaka mzima, kwa sababu yanapima breki wakati zikifanya kazi. Gurudumu la baridi ni ajasta iliyolegea, hosi ya upepo iliyoziba au diafremu iliyokufa, na linatakiwa lifike kwa fundi kabla ya mteremko unaofuata.

Dramu zikiwa za moto sana, usizimwagie maji, zitapasuka. Usivute hendibreki na kuondoka. Weka choki magurudumuni, acha zipoe zenyewe. Kama ulitumia mawe badala ya choki, yaondoe barabarani ukiondoka, kwa kuwa bodaboda wa usiku hataliona jiwe lako.

Na ikitokea katikati ya mteremko breki zimeisha nguvu, kitu cha kwanza ni kutogusa klachi. Gia uliyonayo, hata kama ni kubwa, ndiyo kitu pekee kinachokushikilia. Weka breki ya injini hatua ya mwisho, washa taa zote, piga honi mfululizo bila kuachia, na tafuta kingo ya udongo upande wa mlima ulisugue gari hapo mapema, kabla mwendo haujawa mkubwa. Anayesubiri mpaka kona ya mwisho huwa hana tena pa kuchagua.

Gereji na kwa tajiri

Malori mengi tunayotumia yamekuja mtumba, na breki ya injini ni moja ya vitu vinavyokufa kimyakimya. Kipande cha kuzibia bomba kimekwama kwa masizi, fundi anakifunga kabisa ili gari "lipate pumzi", na swichi inabaki kwenye dashibodi ikiwaka taa bila kufanya lolote. Ukilinunua lori au ukikabidhiwa, lijaribu kwenye mteremko mfupi usio na watu: liweke kwenye gia, mwendo mdogo, washa breki ya injini. Usiposikia mlio kubadilika na gari kujivuta, haifanyi kazi, hata kama taa inawaka.

Breki ya mgandamizo katika injini nyingi inaendeshwa na mafuta ya injini yenyewe. Oili pungufu, chafu au ya uzito usiotakiwa na mtengenezaji hufanya ichelewe kushika au ishike baadhi ya silinda tu. Injini ikiwa bado baridi, asubuhi Tarime kwenye baridi yake, iache ipate joto kwanza kabla ya kuitumia. Nafasi za valvu nazo zipimwe kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na fundi awe anayejua injini hiyo, kwa sababu nafasi ikikosewa kwa sehemu ndogo ya milimita breki inaweza kupoteza nguvu au kuharibu valvu. Na breki za tela zisikatwe kwa kisingizio chochote. Wapo wanaolegeza za tela ili lainingi zidumu. Matokeo yake kichwa kinazuia mzigo ambao hakikuumbwa kuuzuia peke yake.

Tajiri ana sehemu yake. Madereva wengi wanaoweka nyutro hawafanyi hivyo kwa ujinga. Wamepewa lita za safari zilizopigiwa hesabu ya kubana, na wanajua wakizizidisha watakatwa. Mwenye lori anayepima dereva kwa lita peke yake anamlipa kwa kuhatarisha mali yake. Apime pia lainingi zimedumu kilometa ngapi, dramu zimebadilishwa mara ngapi, na saa ngapi zimetumika kutoka Sirari hadi Musoma. Dereva anayetumia breki ya injini atafika dakika kumi nyuma ya mwenzake, na lainingi zake zitadumu muda mrefu zaidi. Tajiri mwenye malori matano ataiona tofauti hiyo kwenye daftari la vipuri kabla mwaka haujaisha.

Kwa hiyo, ndugu dereva, safari yako ijayo anza na mteremko unaoujua kuliko yote, ule ambao hujawahi kuufikiria mara mbili. Punguza mwendo kabla haujaanza, ingiza gia moja chini ya uliyozoea, washa breki ya injini, na uone utafika chini umeikanyaga pedali mara ngapi. Kama ni zaidi ya mara mbili tatu, kesho ingiza gia ndogo zaidi. Ukishaipata gia ya mteremko huo kwa mzigo wako, iandike kwenye kikaratasi ukibandike kwenye dashibodi, ili na yule atakayelipokea gari baada yako aikute.